Mtoto Amevunjika Paja: Mwongozo wa Mzazi, Tangu Ajali Hadi Siku ya Kutolewa Vyuma

"Sista, hivyo vyuma vitabaki humo milele?" "Ataweza kucheza mpira tena?" "Mbona mtoto wa jirani alivutwa kwa mawe mwezi mzima akapona, na wangu mnataka kumpasua?"

Hayo ndiyo maswali ninayoulizwa kando ya kitanda, mara nyingi usiku, na mzazi ambaye hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Mtu akiwa katika hali hiyo, nusu ya anachoambiwa hakikai kichwani. Ndiyo maana nimeona niyaandike kwa utaratibu, ili uyasome ukiwa umetulia, au umsomee ndugu yako aliyeko wodini.

Ninazungumzia mtoto aliyevunjika mfupa wa paja sehemu ya katikati, akatibiwa kwa fito mbili nyembamba za chuma zinazopitishwa ndani ya mfupa. Si chuma kigumu kile anachowekewa mtu mzima. Hizi zinanesa: ukiishika kwa mikono miwili ukaikunja, inakubali, ukiiachia inarudi. Njia hii ilikuzwa na madaktari wa watoto katika mji wa Nancy, Ufaransa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na sasa ni ya kawaida duniani kwa watoto wa kati ya miaka 5 na 11 hivi.

Hatua ya 1: Pale alipoangukia

Kaanguka kwenye mwembe, au kagongwa na bodaboda akivuka barabara. Paja limevimba, limepinda, na mguu umegeukia nje. Usimnyanyue kwa kumshika mguu. Usiukande, usiuvute ili "kuurudisha".

Tafuta mbao mbili au hata fito imara. Moja ikae upande wa nje, tangu kwapani hadi chini ya unyayo. Nyingine upande wa ndani, tangu kwenye kinena. Zizungushie khanga zisimchome, kisha funga sehemu kadhaa, lakini usifunge juu ya pale palipovunjika. Kama mbao hakuna, mguu usioumia ndio utakuwa ubao: weka khanga iliyokunjwa katikati ya miguu, ifunge pamoja. Ukimaliza, bonyeza kucha ya kidole gumba cha mguu uliovunjika. Iwe nyeupe, kisha irudi nyekundu upesi. Kama hairudi, au vidole vimekuwa vya baridi, legeza mafundo.

Kama kuna kidonda, hata kidogo kama tundu la msumari, funika kwa kitambaa safi na uwaambie hospitali. Inawezekana mfupa ulitoka nje ukarudi, na hilo linabadilisha matibabu yote.

Paja lina nafasi ya kuficha damu nyingi bila tone kuonekana nje. Mtoto akipauka, akitoka jasho la baridi, akianza kusinzia, hapo hakuna cha kusubiri gari la bei nafuu. Na asisafirishwe juu ya pikipiki akiwa amekalishwa katikati ya watu wawili. Alazwe.

Usimpe chakula wala chai ya "kumtia nguvu". Huenda akahitaji dawa ya usingizi siku hiyo hiyo, na tumbo lililojaa ni hatari.

Najua wengi huanzia kwa fundi wa mifupa kijijini. Simtukani mtu; wapo wenye mkono mwepesi, na bibi aliyemleta mjukuu kwake alifanya hivyo kwa upendo. Lakini nimempokea mtoto aliyefungwa vipande vya mianzi na kamba kwa siku tatu, na nilipofungua, mguu chini ya kamba ulikuwa wa baridi na haukusikia nilipougusa. Kufunga kwa kukaza kunakata damu. Mfupa unaweza kusubiri siku chache, lakini nyama isiyopata damu hufa ndani ya saa chache tu.

Hatua ya 2: Mapokezi

Kitu cha kwanza cha kudai kwa adabu ni dawa ya maumivu, kabla ya eksirei. Hakuna sababu ya kumgeuzageuza mtoto juu ya meza ya picha akipiga kelele wakati dawa ipo.

Picha ionyeshe mfupa mzima, nyonga na goti vikiwemo, na ipigwe kwa pande mbili: kutoka mbele na kutoka ubavuni. Picha ya upande mmoja hudanganya.

Kama ni ajali ya barabarani au ameumizwa na mtu, hapa Tanzania utaulizwa fomu ya polisi, PF3. Ndugu mmoja aende kituoni kuifuatilia, wewe ubaki na mtoto.

Utaulizwa pia ameumiaje, na utaulizwa na zaidi ya mtu mmoja. Usikasirike. Paja la mtoto ambaye hajaanza hata kutembea halivunjiki hivi hivi, kwa hiyo ni wajibu wetu kuuliza kwa kina. Na kama mtoto mkubwa amevunjika kwa kujikwaa tu, daktari atatafuta sababu ndani ya mfupa wenyewe: uvimbe, matege, au mifupa dhaifu ya kuzaliwa.

Hatua ya 3: Kujua kama fito hizi zinamfaa wako

Hapa ndipo ningependa mzazi atulie zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapoburuzwa na maneno ya korido. Mtoto wa jirani si kipimo. Kuna mambo matatu ya kutazama: umri, uzito, na namna mfupa ulivyovunjika.

Mtoto wa chini ya miezi 6 mara nyingi hutosha kufungwa mikanda maalumu au plasta. Kuanzia hapo hadi karibu miaka 5, plasta inayoanzia kiunoni hadi mguuni, ile POP ambayo mtaani huitwa hogo, hufanya kazi nzuri. Mfupa wa umri huo unaunga haraka na hujinyoosha wenyewe kwa kiasi cha kushangaza. Kumpasua mtoto wa miaka 3 mwenye mvunjiko wa kawaida kunahitaji sababu nzuri, na una haki ya kuiuliza.

Miaka 5 hadi 11 ndiyo umri wa fito zinazonesa. Mtoto huyu ni mkubwa mno kukaa ndani ya plasta ya kiuno kwa wiki nyingi, na bado ni mdogo mno kwa chuma kinene cha mtu mzima, ambacho kikipitishwa vibaya karibu na nyonga kinaweza kukata mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja.

Uzito. Mtoto akizidi kilo 49 au 50, fito hizi huanza kushindwa. Mfupa unaweza kupinda ukiwa unaunga. Miaka 10 ni miaka 10 tu, lakini kuna wa kilo 28 na kuna wa kilo 55. Hakikisha mtoto amepimwa kwenye mizani au uzito wake umekadiriwa vizuri, usikubali uandikwe kwa kumtazama.

Namna ya mvunjiko: uliokatika kwa kukingama, kama fimbo iliyovunjwa gotini, ndio unaokubaliana na fito vizuri kuliko yote. Uliochanika kwa urefu au kusagika vipande vipande huteleza, na mguu ukafupika. Mtoto mwenye mvunjiko huo, daktari anaweza kumpendekezea bamba refu la chuma lenye skrubu, au vyuma vya nje ya mguu, hasa kama kuna kidonda kichafu.

Na kuvutwa kwa mawe, yaani mguu kufungiwa uzito unaouvuta mtoto akiwa amelala, je? Bado ni tiba halali, na mahali pengi ndiyo iliyopo. Tatizo lake ni muda: wiki kadhaa kitandani, mama yuko wodini, wadogo zake nyumbani hawana wa kuwapikia, shule imesimama. Faida kubwa ya fito ni kwamba mtoto hurudi nyumbani baada ya siku chache, na goti lake linakunjika.

Muulize daktari maswali haya, hata kwa kuyasoma kwenye karatasi: Mvunjiko wake ni wa namna gani? Fito za saizi yake zipo, au tunatakiwa kununua? Mna mashine ya eksirei ya ndani ya thieta? Kama haipo, mtafungua pale palipovunjika? Anayefanya amezoea kufanya kwa watoto? Majibu yakionyesha kwamba ni heri kupewa rufaa, kubali rufaa. Taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, na hospitali za KCMC Moshi na Bugando Mwanza, zina madaktari bingwa wa mifupa. Gharama ikiwa mzigo, usitoroke na mtoto usiku. Omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali; kazi yake ni hiyo.

Hatua ya 4: Kabla ya kuingia thieta

Chakula kisimame muda wa saa 6 kabla ya upasuaji. Maji meupe yanaruhusiwa hadi zibaki saa 2 kabla ya upasuaji, isipokuwa ukiambiwa vinginevyo. Uji na maziwa vihesabu kuwa ni chakula. Bibi akija na chupa ya uji mpokee, uiweke kando.

Mwambie mtaalamu wa usingizi mambo haya bila kusubiri kuulizwa: pumu, dawa yoyote iliyowahi kumdhuru, mafua ya sasa, na selimundu (sikoseli). Mtoto mwenye selimundu anahitaji maji ya kutosha, joto na damu iliyoandaliwa, na mifupa yake hushika maambukizi kwa urahisi zaidi. Na jambo ambalo wazazi hawalifikirii: jino linalotikisika. Watoto wa miaka 6 na 7 wako kwenye kung'oka meno, na jino la utoto linaweza kudondoka kooni wakati wa kuwekewa mpira wa kupumulia.

Daktari ataweka alama kwa kalamu kwenye mguu wa kupasuliwa. Angalia mwenyewe kama ni mguu wenyewe.

Fomu ya ridhaa usiisaini kabla hujaelewa. Ukiambiwa "ni kawaida tu, saini hapa", sema: naomba unieleze kwanza.

Hatua ya 5: Kinachofanyika ndani

Mzazi haingii, na kutojua ndiko kunakomla roho. Kwa hiyo huwa nawaonyesha kwa bua la jani la mpapai, lile lenye uwazi katikati ambalo watoto hulipuliza kama tarumbeta. Nalikata katikati. Nachukua njiti mbili za ufagio wa chelewa, nazipinda kidogo kama upinde, nazisukuma kutoka chini, moja ubavu huu, nyingine ubavu ule, mpaka zivuke pale nilipokata. Kila njiti inataka kunyooka, kwa hiyo inakandamiza ukuta wa bua mahali patatu: inapoingilia, katikati, na inapoishia juu. Moja inasukuma kulia, nyingine kushoto. Bua linasimama. Ukilitikisa linacheza kidogo sana, na mchezo huo mdogo mfupa unaupenda, maana ndio unaouchochea kujenga mfupa mpya kuzunguka ufa.

Nikimaliza namwachia mama alitikise mwenyewe. Hapo ndipo huelewa kwamba fito hazimbebi mtoto. Zinaunyoosha mfupa ukae mahali pake, na kuunga ni kazi ya mfupa wenyewe.

Thieta ni hivyo hivyo. Mtoto akishalala, daktari anapima kwenye picha sehemu nyembamba kuliko zote ya tundu la uboho. Kila fito huwa karibu asilimia 40 ya upana huo; tundu la milimita 9 huchukua fito mbili za milimita 3.5. Ziwe na unene mmoja. Moja ikiwa nene kuliko mwenzake, itaizidi nguvu hiyo nyingine, na mfupa utapinda.

Anachana ngozi kidogo, kila upande wa paja, juu tu ya goti. Kwa kifaa chenye ncha kama msharasi wa fundi viatu anatoboa mfupa, kama sentimita 2 hadi 2.5 juu ya gegedu la ukuaji, ile sehemu laini ambako mfupa wa mtoto hurefukia. Gegedu hilo haliguswi kabisa: karibu asilimia 70 ya urefu wa paja hutokana na ukuaji wa upande wa goti. Fito zilizopindwa kama upinde zinasukumwa taratibu hadi kwenye ufa, mfupa unanyooshwa huku mashine ya eksirei ikionyesha, fito zinavuka moja baada ya nyingine, zinapanda hadi karibu na nyonga. Kisha analinganisha miguu miwili, kama vidole vinatazama upande mmoja, kwa sababu fito hizi si hodari wa kuzuia mguu kuzunguka. Hilo lazima liwekwe sawa mezani.

Ncha za chini zinakatwa, zinabakizwa sentimita 1 hadi 2 nje ya mfupa zikiwa zimelala sambamba nao. Zikibaki ndefu au zikapindwa kuelekea nje, zitachoma nyama kila mtoto akikunja goti. Hilo ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote baada ya upasuaji huu.

Hatua ya 6: Siku za kwanza wodini

Maumivu yawepo, lakini yapungue kila siku. Parasetamoli hupimwa kwa kilo: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ni miligramu 300. Siku mbili tatu za kwanza apewe kila saa yake ya dawa ikifika, usisubiri alie.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, hasa ukimnyoosha vidole vya mguu akapiga kelele, mwite muuguzi hapo hapo, hata kama ni saa 9 usiku. Usiogope kutusumbua. Nyama ikivimba ndani ya utando mgumu unaoizunguka, kuchelewa ndiko kunakoharibu mguu.

Goti lianze kukunjwa mapema, kadiri daktari atakavyoruhusu. Kunja khanga iwe kama kata ya kubebea ndoo, iweke chini ya goti, mwambie: "Ibonyeze chini, hesabu mpaka tano." Apumzike, arudie mara kumi. Mtoto mmoja wa miaka 7 alikuwa haniruhusu kulisogelea goti lake. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, kata inakimbia, ikamate," naye akaibonyeza kwa hasira mpaka paja likakaza. Siku ya tatu alikuwa anaidai mwenyewe.

Hatua ya 7: Nyumbani

Fikiria choo kabla hujaruhusiwa. Choo cha kuchuchumaa hakimfai wiki za mwanzo. Toboa kiti cha plastiki katikati, weka ndoo chini, kinatosha kabisa. Mdogo wake asilale upande wa mguu ulioumia.

Magongo yawe ya kimo chake, na afundishwe na mtaalamu wa mazoezi kabla ya kutoka. Kukanyaga kunategemea mvunjiko: wengine huruhusiwa kugusa chini kidogo kidogo mapema, wengine husubiri hadi picha ionyeshe mfupa mpya, kwa kawaida wiki ya 4 hadi ya 6. Fuata ulichoandikiwa. Tatizo ni kwamba wiki ya tatu maumivu yanakuwa yameisha na mtoto anaona amepona. Anatupa gongo, anakimbia, na fito zinapinda ndani. Hapo ndipo kazi ya mzazi ilipo ngumu kuliko ya daktari.

Mpe dagaa, maharage, mayai, maziwa, mboga za majani, na akae nje apate jua. Hakuna supu maalumu ya kuunga mfupa, ila supu haina ubaya. Maji mengi na matunda, kwa sababu kulala kunaleta choo kigumu.

Rudi hospitali bila kusubiri tarehe ukiona: homa, usaha au kidonda kunuka, ngozi ya karibu na goti kuwa nyekundu, kunyanyuka, au chuma kuchungulia, mguu kuanza kupinda au kugeukia upande, maumivu mapya ghafla baada ya nafuu, mguu kuwa wa baridi au kufa ganzi.

Hatua ya 8: Kliniki, na kutoa vyuma

Usiruke picha ya wiki ya 4 hadi ya 6. Mfupa mpya huonekana kama wingu jeupe kuzunguka ufa, na wazazi wengine hushtuka wakidhani ni uvimbe. Hiyo ni habari njema. Wengi huwa wameunga kati ya wiki ya 6 na ya 12.

Fito hutolewa mara nyingi kati ya miezi 6 na 12, mfupa ukishajaa. Ni upasuaji mdogo, lakini ni upasuaji: njaa, usingizi na ridhaa vinarudi. Usikubali zitolewe mapema kwa sababu tu ncha inamsumbua, kama mfupa haujakamilika. Mfupa unaweza kuvunjika tena. Wala usizisahau. Nimewaona wanaorudi baada ya miaka mfupa umezimeza, na kilichokuwa kazi ndogo kimekuwa kazi kubwa. Andika tarehe nyuma ya kadi ya kliniki, na picha zote za eksirei uzitunze. Ukihamia mkoa mwingine, daktari mpya atataka kujua ni fito za unene gani.

Zikishatoka, matundu yake yanahitaji wiki kadhaa kujaa. Atatembea, lakini mpira, kukimbizana na kupanda miti visubiri ruhusa.

Halafu kuna urefu wa mguu. Paja lililovunjika hupata damu nyingi wakati wa kupona, na kwa watoto wengi hukua likapita mwenzake kwa sentimita 1 hivi. Kiasi hicho hakimdhuru. Mpime kila baada ya miezi mitatu minne kwa miaka miwili: asimame pekupeku, magoti yamenyooka, weka vidole vyako juu ya mifupa ya nyonga pande zote mbili, utazame kama viko sawa. Upande mmoja ukiwa juu, weka daftari chini ya mguu mfupi, uongeze moja moja mpaka nyonga zilingane, kisha upime unene wa hayo madaftari kwa rula. Ukikaribia sentimita 2, mpeleke kliniki na uwaambie kipimo chako.